Kipande cha Nyama ya Fundi Asukile

Asukile alikuwa fundi wa nguo pale Mbalizi. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la Muhidini, kando ya barabara kuu. Alishona kaptura za wanafunzi, magauni ya akina mama na makoti ya wazee wa kanisa.

Alikuwa mtu mnene, mwenye tumbo kubwa. Watu walimsifu kwa unene wake.

"Fundi anakula vizuri," walisema.

Asukile alicheka tu. Kutwa nzima alikaa kwenye kiti chake. Kutwa nzima alikunywa chai yenye sukari nyingi. Muhidini alipenda kuzungumza naye, kwa hiyo birika halikukauka.

Mwaka wa 1956 Asukile alianza kusikia kiu. Haikuwa kiu ya kawaida. Alikunywa maji, na baada ya muda mfupi alitaka mengine. Kila mara aliacha kazi kwenda kukojoa. Mkewe, Ikupa, aliteka maji asubuhi, akayateka tena mchana, na jioni mtungi ulikuwa mtupu.

"Baba Lutengano, maji haya yanaingia wapi?" Ikupa aliuliza.

"Hata mimi sijui. Niongezee kidogo."

Ikupa alikuwa na shamba la viazi na shamba la pareto. Alikuwa na kuni za kutafuta na nguo za kufua. Sasa kazi ya maji iliongezeka. Mgongo ulimuuma. Aliamka akiwa amechoka, kama mtu ambaye hakulala. Aliona sisimizi wamejaa mahali mumewe alipokojoa. Aliwatazama, kisha akaenda zake shambani. Hakuwa na nguvu ya kufikiria jambo jingine.

Kisha miguu ya Asukile ikafa ganzi. Alisema anasikia kama amevaa soksi, na kumbe hakuvaa kitu.

Mwezi wa sita baridi ilikuwa kali. Ukungu ulishuka mpaka barabarani. Asubuhi moja Asukile alivua viatu, akaweka mguu wa kulia karibu na makaa ya pasi ili apate joto. Akaendelea kukata kitambaa.

Muhidini, akiwa ndani ya duka, alisikia harufu ya kuungua.

"Fundi! Unaunguza nguo ya watu!"

"Pasi sijaigusa bado," Asukile alijibu.

Muhidini akatoka nje. Akatazama chini.

"Ee Mungu wangu! Fundi, ni mguu wako!"

Kidole gumba kilikuwa kimeungua. Ngozi ilikuwa nyeupe, imevimba. Asukile alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Hakusikia maumivu yoyote. Muhidini aliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

Ikupa aliweka majani kwenye kidonda. Alipaka mafuta. Alifunga kitambaa safi. Kidonda hakikupona. Kilianza kunuka. Mwishowe Muhidini aliwapakia kwenye lori lililobeba magunia yake ya mchele, likawapeleka hospitali ya misheni, huko juu vilimani.

Nesi mmoja aliwapokea. Jina lake lilikuwa Yudith. Alikuwa mama wa makamo, na alizungumza Kinyakyusa kama wao. Aliomba mkojo wa Asukile kwenye kikombe. Akaweka dawa ya rangi ya bluu kwenye kichupa cha kioo, akadondosha mkojo kidogo, akakichemsha juu ya taa ndogo.

"Angalieni wenyewe," alisema.

Bluu ikawa kijani. Kijani kikawa njano. Kisha ikawa nyekundu kama matofali.

"Hiyo ni sukari," Yudith alisema. "Ipo nyingi katika damu yako, baba, mpaka inatoka kwenye mkojo. Ndiyo maana una kiu. Huu ni ugonjwa wa sukari."

"Nani amenifanyia hivi?" Asukile aliuliza.

"Hakuna aliyekufanyia. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinaitwa kongosho. Kinatoa dawa ya kuusaidia mwili utumie sukari. Kwako dawa hiyo haitoshi, au mwili hauisikii. Tutakupa dawa hiyo kwa sindano. Inaitwa insulini. Kidole hiki kimekufa, kitakatwa. Lakini mguu unaweza kupona."

Ikupa alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, mtu mwingine alikuwa ameshika mzigo upande wa pili.

Baada ya siku chache kiu ilipungua. Asukile alianza hata kufanya utani na wagonjwa wenzake.

Siku moja Ikupa alikwenda kufua nguo nyuma ya wodi. Yudith naye alikuwa kazini upande wa wazazi. Mtu wa maabara aliingia, amevaa koti jeupe. Hakusalimia. Alifungua bandeji ya Asukile, akakata kipande cha nyama pembeni ya kidonda, akakitia kwenye chupa yenye dawa. Asukile hakusikia maumivu, lakini aliona.

"Hiyo unaipeleka wapi?" aliuliza.

"Ni kazi ya daktari," mtu yule alisema. Akaondoka.

Ikupa aliporudi, alimkuta mumewe amekaa kitandani, macho yamemtoka.

"Wamekata nyama yangu, mama Lutengano. Wameiweka kwenye chupa."

"Kwa nini?"

"Hawakuniambia."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka. Alisema kwa sauti ndogo, "Mumiani hao. Wanaanza na kipande. Damu wanachukua baadaye."

Jioni ile Saulo, kaka yake Asukile, alikuja kuwatembelea. Aliposikia habari, hakukaa hata kidogo.

"Vaeni. Tunaondoka," alisema.

"Na dawa ya sindano?" Ikupa aliuliza.

"Dawa gani? Ya kumnenepesha ili wamchinje? Simama, mdogo wangu."

Ikupa alitaka kumtafuta Yudith. Lakini alikuwa amechoka, na yeye pia alikuwa na hofu. Alikusanya blanketi na sufuria. Wakaondoka.

Nyumbani kiu ilirudi upesi. Mtungi ulikauka kama zamani. Weusi ulitoka kwenye kidole ukaingia kwenye vidole vingine, kisha ukapanda hadi kwenye kifundo cha mguu. Chumba kizima kilinuka. Asukile aliweweseka kwa homa. Saulo alikuja kila siku akakaa mlangoni. Mwanzoni alizungumza sana juu ya watu wa hospitali. Baadaye akawa anakaa kimya.

Mchana mmoja Yudith aliteremka kwenye lori barabarani, akapanda kilima kwa miguu. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye viatu vyake. Mkononi alikuwa na kikapu.

Saulo alisimama mlangoni.

"Umefuata nini? Umefuata nyama iliyobaki?"

"Ndaga, baba," Yudith alisalimu. "Nimekuja kumwona mgonjwa. Na nimekuja kuomba radhi."

Saulo alirudi nyuma hatua moja. Hakutegemea neno hilo.

Yudith aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa chupa ndogo. Ndani kulikuwa na kitu kidogo cheupe, kama punje ya haragwe.

"Hiki ndicho kipande cha ndugu yako. Kilichukuliwa bila ruhusa yake. Mimi nilimwambia daktari, naye alikasirika sana. Alisema kipande hiki ni mali ya mgonjwa, kirudi kwake. Tulikosea, baba. Tulipaswa kueleza, kisha kuomba, kisha kungoja jibu."

Saulo aliipokea chupa. Aliigeuza kwenye mwanga.

"Ni hiki tu?" aliuliza.

"Ni hicho tu."

"Hamkukiuza?"

"Nani angekinunua, baba?"

Saulo alitazama chupa, kisha akatazama mguu wa mdogo wake pale ndani. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akachimba na kukifukia kile kipande. Aliporudi, mikono yake ilikuwa na udongo.

Yudith alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Aliuangalia mguu kwa muda mrefu.

"Sema ukweli," Ikupa alisema.

"Mama, kidole tu hakitoshi tena. Sumu imepanda. Tukikata chini ya goti, baba Lutengano atapona. Tukiuacha, atakufa wiki hii."

Ikupa alikaa chini kwenye mkeka. Hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyefika mwisho wa njia na kuambiwa bado kuna kilima.

"Ni mimi niliyemtoa," Saulo alisema.

"Ni sisi tuliomtisha," Yudith alimjibu. "Lakini tukianza kuhesabu makosa sasa, jua litazama. Saidieni kutafuta machela."

Watu wanne walimbeba mpaka barabarani.

Hospitalini walimchoma insulini mara moja. Kesho yake homa ilishuka na akili zake zikarudi. Ndipo daktari alipokuja. Alikuwa Mzungu mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi. Alivuta kiti akakaa, ili asizungumze na mgonjwa akiwa amesimama juu yake.

"Fundi, ile siku tulikosa," alisema. "Samahani."

Kisha akamwomba Yudith aeleze mengine yote kwa lugha ya nyumbani. Ikupa na Saulo walikuwepo.

"Baba Lutengano," Yudith alianza, "mguu utakatwa kesho. Hiyo ni tiba yako, na utaipata kwa vyovyote. Sasa nina ombi jingine. Ombi hili si tiba. Unaweza kulikataa, na hakuna kitakachobadilika. Utapata dawa ileile, kitanda kilekile, na mimi huyuhuyu."

"Sema, mama."

"Kuna wataalamu wanatafuta chanzo cha ugonjwa huu. Wanaona watu wengi wanene wanaupata. Lakini wapo wanene ambao hawaupati, na wapo wembamba wanaoupata. Kwa nini? Hawajui. Mafuta ya mwili yana kazi gani katika ugonjwa huu? Hawajui vizuri. Wanahitaji kuangalia nyama na mafuta ya watu wenye ugonjwa kwa hadubini, kioo kinachokuza vitu vidogo. Kwa hiyo tunaomba kipande cha nyama na mafuta kutoka kwenye mguu utakaokatwa. Na tunaomba kipande kidogo cha mafuta chini ya ngozi ya tumbo, wakati umelala kwa dawa ya usingizi."

"Tumboni?" Saulo alishtuka.

"Tumboni, chini ya ngozi tu. Litabaki kovu dogo. Itauma siku chache. Na kwa mgonjwa wa sukari kila kidonda kina hatari yake, hata kikiwa kidogo. Siwezi kuficha hilo."

Ikupa alisogea karibu na kitanda. Sasa aliongea, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nesi, mimi nimechoka. Miezi yote hii tumetoa. Tumetoa nguvu, tumetoa kazi yake. Kesho anatoa mguu. Na bado mnaomba?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana naomba. Sichukui."

"Kitu hicho kitamponya mume wangu?"

"Hapana."

"Kitamsaidia nani?"

"Labda mtu mwingine, baada ya miaka mingi. Na labda kisimsaidie mtu yeyote. Wataalamu wanatafuta, na si kila anayetafuta hupata."

Ikupa alimtazama. Alikuwa ametegemea kusikia maneno matamu. Aliposikia ukweli huu mchungu, moyo wake ulitulia kidogo.

"Watajua ni nyama ya nani?" Asukile aliuliza.

"Chupa itakuwa na namba. Jina lako litabaki hapa kwetu."

"Na mguu wenyewe, ukishakatwa?"

"Mtapewa mkauzike, kama mnavyotaka."

Daktari akasema neno kwa Kiingereza. Yudith akaongeza, "Daktari anaomba pia kupiga picha ya mguu na uso wako, ili kufundishia."

Asukile alifikiri. Wote walingoja. Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Mteja akitaka kitambaa cha namna fulani," alisema mwishowe, "ananiletea kipande. Bila kipande siwezi kujua rangi wala uzi. Hilo naelewa. Baba yetu alikufa kwa kiu kama hii, Saulo, unakumbuka. Na mimi nina binti. Chukueni cha mguuni. Chukueni na cha tumboni." Akainua kidole. "Lakini picha sitaki. Watu nisiowajua wasinitazame nikiwa hivi."

Yudith alimweleza daktari. Daktari alitikisa kichwa kukubali, akasimama, akampa Asukile mkono. Hakuomba picha mara ya pili.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Saulo aliupokea ukiwa umefungwa kwa shuka safi, akaubeba mwenyewe mpaka nyumbani, akauzika. Kidonda cha tumboni kilipona vizuri. Kisiki cha mguu kilichelewa, lakini nacho kilifunga.

Katika wiki zile Yudith alimfundisha Ikupa kazi mpya. Alimfundisha kuchemsha sindano ya kioo kabla ya kuitumia. Alimfundisha kuvuta insulini mpaka kwenye mstari, wala si zaidi, na kuchoma pajani. Mara ya kwanza Ikupa aligusa ngozi kwa ncha ya sindano, akaiondoa, akagusa tena.

"Unanichoma au unanitekenya?" Asukile aliuliza.

"Nyamaza, nisije nikakuchoma pua," Ikupa alimjibu. Wagonjwa wote wakacheka.

"Kila siku mtazame unyayo uliobaki," Yudith aliwaambia. "Mguu wenye ganzi hausemi ukiumia. Macho ndiyo yausemee. Asitembee peku. Asiote moto kwa miguu kamwe."

"Na chai?" Asukile aliuliza.

"Chai kunywa. Sukari iache."

"Hiyo si chai, mama."

"Basi kunywa maji."

Alimwambia pia apunguze ugali na wali, aache pombe, ale maharage na mboga za majani kwa wingi, na tumbo lipungue polepole. Lakini akishachomwa sindano asikae bila kula. Akiona anatetemeka na kutoka jasho la baridi, hapo ndipo alambe sukari kidogo, kwa sababu imeshuka mno. Insulini waiweke kwenye chungu chenye mchanga uliolowana, mahali pa kivuli.

Walirudi Mbalizi mwanzoni mwa mvua. Asukile alikuwa na mkongojo. Alikaa kwenye cherehani, akajaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Mshono ulikwenda upogo. Kwa siku kadhaa Ikupa alikaa kando yake akikanyaga, na yeye akiongoza kitambaa. Waligombana sana.

"Polepole! Hili si shamba la viazi!"

"Basi kanyaga mwenyewe!"

Na kweli, kidogokidogo akaweza mwenyewe. Alishona polepole kuliko zamani, lakini alishona. Muhidini alimletea chai isiyo na sukari, na kwa kumhurumia akaanza kuinywa hivyo yeye pia, ingawa alikunja uso. Mtungi wa maji nyumbani ulikaa siku nzima bila kuisha. Asukile alipungua, na watu waliouliza kama anaumwa aliwajibu kwamba zamani ndipo alipokuwa anaumwa. Saulo naye alipeleka mkojo wake mwenyewe kupimwa. Haukuwa na sukari. Hata hivyo, akaacha pombe.

Mwaka uliofuata, Asukile na Ikupa walikwenda hospitali kuchukua dawa, kama kawaida. Yudith aliwaambia kwamba vile vipande vilifika salama kwa wataalamu. Majibu hayakuwa yamekuja.

"Yatakuja?" Asukile aliuliza.

"Sijui, baba."

Wodini kulikuwa na mama mmoja mnene kutoka Rujewa. Jina lake lilikuwa Waridi, mke wa mfanyabiashara wa mchele. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na jipu kubwa mgongoni. Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti kando yake. Yudith alikuwa akieleza, taratibu, kwa Kiswahili, yale maneno ambayo Ikupa aliyajua: kipande kidogo, si tiba, unaweza kukataa.

Waridi alivuta kanga yake mpaka kidevuni.

"Sitaki," alisema.

"Sawa, mama," Yudith alisema. "Asante kwa kutusikiliza."

Daktari aliinama kidogo kwa heshima, akarudisha kiti mahali pake, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Waridi alianza kukusanya vitu vyake. Alikunja kanga ya pili. Alitafuta viatu chini ya kitanda. Ikupa aliacha mkono wa mumewe, akamwendea.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Nimekataa. Si watanifukuza?"

Kabla Ikupa hajajibu, Yudith alirudi. Mkononi alikuwa na sinia yenye sindano ya Waridi, pamoja na bandeji mpya na maji ya moto.

"Geuka, mama," alisema. "Tusafishe mgongo, maji yasipoe."

Waridi alimtazama Yudith, kisha akamtazama Ikupa.

"Lala, dada yangu," Ikupa alisema. Alimvua viatu, akaviweka chini ya kitanda. "Pumzika. Ulichokataa, umekataa. Hakuna atakayekigusa."

Waridi akalala kwa ubavu, akafunga macho. Ikupa akamshika mkono wakati Yudith akianza kusafisha.